Guna Tatu za Redio

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao umechoka na kiti hiki kuliko mimi mwenyewe. Wewe je, na Baba? Anakula? Bado unamlisha, au ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto?

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Kila tukipigiana tunaishia kufokeana, na karatasi angalau haimkatizi mtu kauli. Baba Mkubwa amenieleza mpango wake. Anataka kumchukua Baba akakae kwake, saluni ifungwe, chumba kipangishwe. Anasema tangu kile kiharusi mdogo wake hasemi wala haelewi lolote, na kukaa pale pembeni ya kioo kama begi lililosahauliwa ni kumdhalilisha. Kasema hafanyi kitu bila ridhaa yetu sote wawili, na mimi nimeshakubali. Najua utanuna. Lakini unanyoa vichwa kutwa nzima huku unamfuta mzazi mate. Utaweza mpaka lini?

Uliniuliza kwa ukali ni kazi gani hiyo isiyoniruhusu kuja. Basi nikwambie. Tunatafsiri kamusi ya maneno ya falsafa, na mimi nimepewa ya Kisanskriti, ile lugha ya kale ya wanazuoni wa Bara Hindi. Mkataba unaisha mwezi wa nane. Sasa niko kwenye guna. Ziko guna tatu. Ya kwanza, sattva, ni nyepesi na angavu. Ya pili, rajas, haitulii, ndiyo inayosukuma mambo yaende. Ya tatu, tamas, ni nzito, ina giza, inazuia. Wanafalsafa hao wanasema hakuna kitu kisicho na guna hizo, hata jiwe, hata mtu aliyelala usingizi. Nimezunguka nazo wiki nzima na bado sijapata maneno ya kuzieleza.

Msalimie Baba, hata kama hasikii.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Huku tuko salama. Baba anakula vizuri, kijiko anakishika, nusu inaingia mdomoni na nusu inaliwa na shati. Mimi sina tatizo ila miguu, na miguu ya kinyozi haijawahi kuwa habari.

Dada, kwa nini hukuniambia mapema? Niliianza barua yako nimekunja uso, nilipofika kwenye guna nikakaa chini. Mteja nilimwacha na povu kidevuni. Hospitali walituambia, "Ataguna tu, msitegemee zaidi," nasi tukaipokea hivyo hivyo. Kumbe watu walisomea kuguna tangu zama hizo, wakakuta ziko tatu! Sisi tunasema miguno, lakini wasomi mna uandishi wenu, sikujali.

Nikaanza kumsikiliza. Na kweli ni tatu. Ya kwanza ni fupi, inatoka puani na kupanda: "Mh!" Anaitoa nikimaliza kuchonga ndevu za mtu zikakaa sawa, au jua likifika kwenye kiti chake. Ndiyo hiyo nyepesi na angavu. Ya pili inakimbia: "Mhm-mhm-mhm." Hiyo kuna jambo anataka lifanyike, na hanyamazi mpaka lifanyike. Juzi niliitafuta sababu chumba kizima, nikakuta nimesahau kuchomoa mashine, inaungua. Ya tatu inatoka tumboni: "Mmmmmh." Nzito kama ulivyoandika. Ukitaka kuisikia, mpe uji uliopoa. Hiyo tamas mara ya kwanza niliisoma tamaa, nikajua ni uji unaozungumziwa.

Wateja wamechangamka. Unakumbuka walimbandika jina la Redio, kwa vile tangu anafungua mlango mpaka anafunga maongezi yake hayakuwa na mapumziko? Sasa wanasema Redio imepata masafa mapya.

Basi mwambie Baba Mkubwa kuwa anaelewa. Mwambie imo kwenye kamusi.

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi pia sijambo.

Barua yako nimecheka nayo hadi machozi, halafu yakabaki machozi matupu. Mpenzi wangu, guna hii siyo kuguna. Zimefanana sauti tu, hazijuani. Kwa Kisanskriti guna ni uzi, mmoja kati ya nyuzi zinazosokotwa kuwa kamba. Hata upote, ile kamba ya upinde, uliitwa hivyo. Ukitaka kusema mara mbili unatumia neno hilohilo, kana kwamba uzi umekunjwa mara mbili. Baadaye likawa sifa ya kitu, kisha sifa njema ya mtu. Na wafuasi wa falsafa ya Sankhya ndio waliosema maumbile yote ni kamba ya nyuzi tatu, hizo nilizokutajia. Lilikotoka kabla ya hapo hakuna mwenye hakika. Wapo wanaolihusisha na neno la kale la majirani zao, lenye maana ya nywele au rangi ya nywele, na wapo wanaokataa. Kinyozi utapenda hilo la nywele, lakini ndipo linapoishia. Halina habari za wagonjwa.

Siwezi kumwambia Baba Mkubwa kitu kisichokuwepo. Kusikia unachotamani kusikia ni rahisi sana ukiwa peke yako na mgonjwa. Nilikubali mpango wake na sijabadilisha. Tafadhali usifanye iwe ngumu kuliko ilivyo.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Baba hajambo. Mimi sijambo pia, kama bado unauliza.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua mbili za kwanza nilizoandika zilikuwa za matusi, nikazitumia kuwashia jiko. Hii ya tatu ina adabu.

Nimekubali neno ni la uzi. Sina ugomvi na kamusi. Lakini neno lako lilikosea njia likaingia saluni kwetu, na likiwa humu limefanya kazi ambayo hospitali haikuifanya: limenifanya nimsikilize baba yangu. Ulisema nasikia ninachotamani. Nikaona sawa, ngoja nijaribu kwa namna isiyonipendelea. Akaja mwalimu wa shule ya jirani, nikamnyoa upande mmoja juu kuliko mwingine, makusudi, mimi mwenyewe nikiwa nimempa Baba mgongo. "Mhm-mhm-mhm!" Nikajifanya kiziwi. Akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Nikasawazisha. "Mh!" Mwalimu akasema, "Huyu mzee kanikomboa." Siku nyingine nikamwita yule mama wa mazoezi ya kusema anayepita kliniki, akamwekea picha mezani na kumuuliza moja moja mimi nikiwa nje. Akatoka akaniambia Baba yako anaelewa, kilichoharibika ni njia ya kutokea maneno. Ametuandikia hivyo, nimeambatanisha.

Baba Mkubwa ameitisha kikao mwisho wa Mei. Namjua, atakuja na mpangaji mfukoni. Mimi sikuombi uache kazi uje. Nataka kitu kimoja tu: uondoe ridhaa yako mpaka Baba mwenyewe aulizwe. Hapa alipo kila mtu anamjadili juu ya kichwa chake kama bei ya kochi, na mimi nimo. Hilo limekwisha. Hakuna atakayembeba mahali, wala kufunga mlango alioufungua yeye, kabla hajaulizwa mbele ya watu. Ukikataa nitafanya hivyo hivyo, ila nitakuwa peke yangu.

Mdogo wako


10 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa aibu kidogo. Mzima mimi, na namshukuru Mungu kwa habari za Baba.

Cheti cha yule mama nimekisoma, lakini si hicho kilichonigeuza. Ni lile pigo la kiganja juu ya mkono wa kiti. Nililijua kabla sijamaliza sentensi. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mama alipofariki, asubuhi ya kurudi shule hakukuwa na wa kunisuka, na Baba ni kinyozi wa wanaume, anachojua ni kuondoa. Jirani mmoja akasema ninyolewe tu yaishe. Baba akakataa. Akakata kipande cha kamba ya kuanikia nguo, akakifunga kwenye mkono wa kile kiti, akakifumua nyuzi tatu, akaanza kujifunza. Alikuwa akikosea anakipiga kiti hivyo hivyo, kwa kiganja, anafumua na kuanza tena. Nilikwenda shule na mikia miwili, mmoja ukitazama juu na mwingine chini, na hakuna aliyethubutu kunicheka maana alinisindikiza hadi mlangoni akiwakodolea macho.

Mwezi wa pili mzima nimehangaika kutafuta namna ya kueleza guna ni nini, na jibu lilikuwa limefungwa kwenye kiti cha saluni yetu. Nimelia ofisini, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Nimemwandikia Baba Mkubwa leo. Ridhaa yangu nimeiondoa. Nimemwambia kwamba Baba aulizwe kwanza, na atakalojibu ndilo litakalokuwa, na kwamba wewe hauko peke yako. Mwambie Baba nikija atanisuka. Sijui kwa mkono gani, lakini mwambie.

Dada yako


1 Juni

Dada,

Shikamoo. Afya ipo. Furaha haipo.

Barua uliyomwandikia Baba Mkubwa ilifika kabla ya kikao, naye aliipokea kiume, nisimsingizie. Alikuja na shangazi na wazee wawili, hakuja na mpangaji. Nikawaeleza guna tatu: hii ndiyo, hii nataka, hii hapana. Nikawaonyesha kwa uji. Wakaitikia kwa vichwa, wakaridhika. Baba Mkubwa akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na mdogo wake, akamuuliza, "Unataka kuhamia kwangu, saluni tuifunge upumzike?"

Baba akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Ilianza tumboni nzito, ikapanda puani, halafu ikakimbia, na ikarudi tena chini. Zote tatu kwa pamoja. Wakanitazama mimi. Nikasema, "Muulize tena." Akamuuliza, ikatoka ileile, ndefu zaidi, na safari hii Baba alikuwa anatokwa na jasho. Shangazi akasema basi, msimtese. Baba Mkubwa hakunicheka. Aliniwekea mkono begani akasema, "Mwanangu, umejitahidi." Afadhali angenicheka.

Amenipa mpaka mwezi wa sita uishe. Sijui nifanye nini. Nilidhani nimemwelewa baba yangu, kumbe nilielewa uji tu. Nitajaribu tena hata kama ni mara mia, lakini niambie nijaribu nini.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu, na usikate tamaa hata kidogo. Nakujibu mbio.

Wewe ulizifanya guna kuwa vitufe vitatu, na mimi sikukuzuia, nilikuwa nimeshafurahi. Sikiliza sasa wanachosema wenyewe wa Sankhya. Hizo tatu hazipatikani moja moja. Hakuna mahali utakapokuta uzi mwepesi peke yake au mzito peke yake. Ziko pamoja siku zote, zimeshikana, na tofauti ya kitu na kitu ni uzi upi umetangulia kwa wakati ule. Hata ule mzito hawausemi kwa ubaya tu. Bila huo hakuna kinachotulia mahali pake. Kwa hiyo sauti ile haikuwa kuchanganyikiwa. Baba alijibu swali kama lilivyokuwa.

Litazame swali lenyewe. Kuhama, saluni kufungwa, kupumzika: mambo matatu yamesukwa kuwa mkia mmoja. Yeye kila moja ana jibu lake, na ana mlango mmoja wa kutolea. Wewe ungesema nini? Lifumue. Uliza uzi mmoja, ngoja, uliza mwingine. Usimwonee haya Baba Mkubwa, mwite aje asikie tena.

Na jambo moja la mwisho, gumu. Uwe tayari. Anaweza kujibu.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima wote.

Nililifumua. Baba Mkubwa alikuja asubuhi saluni ikiwa tupu. Nikapiga magoti mimi, yeye akasimama nyuma yangu.

Nikamuuliza kwanza lile la saluni, maana ndilo lililokuwa likinichoma. "Baba, tuifunge?" Dada, ile "Mmmmmh" ilitoka hadi chupa za mafuta rafuni zikagongana. Nikageuka kumtazama Baba Mkubwa, nikiwa nimeshavimba kichwa. Akasema, "Nimesikia. Endelea."

"Unataka kuwa unakuja hapa mchana?" "Mhm-mhm-mhm." Hata kabla sijamaliza.

Nikataka kuishia hapo. Nikuambie kweli, nilitaka sana kuishia hapo. Nikakumbuka ulivyoandika, nikamalizia. "Na kulala, unataka ukalale kwa Baba Mkubwa?"

"Mh!"

Nikamuuliza mara ya pili, nikamuuliza mara ya tatu kwa kugeuza maneno ili ajikwae. "Mh!" Fupi, safi, na macho kanikazia. Baba Mkubwa, ambaye alikuja amejiandaa kwa ubishi, akakosa pa kuuweka. Akakaa kwenye kiti cha wateja akafunika uso, anasema, "Huyu tangu utotoni alikuwa anakataa kulala peke yake." Wakabaki wanatazamana kwenye kioo, wazee wawili. Mimi nikatoka nje kufagia nywele ambazo hazikuwepo.

Imeniuma. Miezi yote hii nimemgeuza kitandani, nimemwosha, nikajua penye mimi ndipo kwake. Lakini nilipigania aulizwe, na ameulizwa. Sasa niseme jibu ni baya? Nimembebea godoro mwenyewe. Kila asubuhi Baba Mkubwa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi saluni, halafu anakaa hapo hapo na kusumbua wateja kwa maswali. Tumepata Redio mbili. Jioni nikifika nyumbani nazoea kimya. Nitakizoea.

Mdogo wako


20 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. (Dada, hii ni barua ya Baba, mkono ni wangu. Tumeiandika kati ya mteja na mteja. Mimi napendekeza neno, yeye anaguna. Neno lililopata guna ya kwanza ndilo limeandikwa. Mengi hayakupata.)

Nalala vizuri. Kaka yangu anakoroma.

Mdogo wako ananyoa vizuri. Upande wa kushoto bado. (Hapo nilijaribu kuandika "vizuri sana", ikakataliwa.)

Kazi yako imalize. Usiiache kwa ajili yangu. Ikiisha, njoo.

(Nilitaka tumalizie kwa "nakupenda". Akatoa ile yenye zote tatu, nikajua nimesuka maswali tena, nikasubiri. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea uani. Ilinichukua muda kuelewa ni kamba ya kuanikia nguo. Nikakata kipande. Akanionyesha mkono wa kiti, nikaifunga hapo, nikaifumua nyuzi tatu. Uzi mmoja akaushika yeye. Wa pili akanitia mkononi mimi. Wa tatu akauacha ukining'inia, akaigusa bahasha yenye jina lako. "Mhm-mhm-mhm." Nikamuuliza, "Dada atashika huo, halafu tutamsuka nywele hivyo, watatu?" "Mh!" Jioni nilitaka kuiondoa kamba ili wateja wapate pa kuweka mkono. Nimepigiwa kiti kwa kiganja. Bado ipo.)

Baba yako